Mioyo Miwili, Tiketi Moja

1

Lango la Nne lilisema maneno manne tu, kwa ile sauti yake laini ya mtu asiyewahi kuchelewa popote.

"Mioyo miwili. Tiketi moja."

Mwanamke aliyesimama mbele yake akageuka nyuma kuona nani kamfuata. Hakukuwa na mtu. Mama mkwe wake alikuwa nyuma ya mstari wa njano kama walivyoagizwa, kashika kiatu kimoja mkononi. Basi yule mwanamke akainamisha kichwa, akatazama tumbo lake la miezi minane, akacheka.

"Kumbe linakusema wewe," akaliambia tumbo.

Hakujua. Wengi hawajui mpaka wafike hapo. Na mimi, mkagua tiketi wa Lango la Nne, mwenye fulana ya kijani na mwanangu Nyemo kalala mgongoni, ndiye niliyetakiwa kumwambia.

"Dada, unaitwa nani?"

"Salima. Salima Ntandu. Mume wangu anaondoka leo, Mughwai. Tiketi si hii hapa? Alinihamishia mwenyewe wiki iliyopita, nikabonyeza Pokea, ikaingia."

Akanigeuzia simu. Msimbo ulikuwa ukijibadilisha kwenye kioo, kila sekunde kumi na tano sura mpya, ili mtu asiupige picha akampa mwingine. Tiketi nzima, halali. Chini yake pameandikwa: *Msafiri Mughwai Njiku. Miaka tisa. Kizimba 212.*

Kizimba ni kile chumba kidogo cha kioo ambamo msafiri hukaa akisubiri ndugu zake waje kumuaga. Ufunguo wake ni tiketi. Hakifunguki kwa machozi wala kwa cheti cha ndoa. Kila anayekwenda kwenye migodi ya mwezini hupewa tiketi mbili, naye Mughwai alimpa mama yake moja, mkewe moja. Milango ya uwanja hufungwa saa tatu na nusu asubuhi, chombo hupaa saa nne. Saa ya langoni ilionyesha saa tatu na dakika nne.

"Tiketi yako ni nzuri, dada," nikasema. "Ila ni ya moyo mmoja. Na huyo wa tumboni lango limemsikia."

"Limemsikia?" Uso wake ukachangamka kwa furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyonichoma. "Yaani linamsikia kabisa? Anaendeleaje?"

Nikamsomea kwenye kioo changu. "Mapigo mia moja arobaini na manne kwa dakika. Yuko vizuri."

"Mama! Mgeni wetu yuko vizuri!"

"Mungu ashukuriwe," mama mkwe akajibu kutoka kule nyuma. "Sasa liambie hilo dude lifunguke, kiatu changu kimekatika."

2

Niseme ukweli kabla sijaendelea: sikio la lango lile nililizaa mimi.

Miaka sita iliyopita Lango la Pili lilijifunga watu wakiwa katikati. Umati ulikuwa mkubwa, mtu akapiga kelele kwamba muda umekwisha, watu wakasukumana. Kampuni yenye migodi na uwanja ikatangaza wafu arobaini na mmoja. Walijuaje? Walihesabu tiketi zilizoingia zisitoke. Lakini sisi tuliowaosha marehemu tulijua walikuwa arobaini na sita, kwa sababu watoto watano walikuwa mgongoni, ndani ya khanga, na siku zile mtoto wa mgongoni hakuwa na tiketi. Mmoja wao alikuwa wa dada yangu Lechipya. Miezi saba, meno mawili. Dada alipona. Mpaka leo ukuta wa kumbukumbu una majina arobaini na moja, na dada yangu akienda pale huweka maua yake chini ya sehemu isiyoandikwa kitu.

Wakati ule nilikuwa kwenye masomo ya jioni, nasomea ufundi wa mitambo ya kuhisi. Mchana nafua nguo za watu, jioni naingia darasani mikono imekunjamana kwa sabuni. Kwa kazi yangu ya mwisho nikachora bamba la kukanyagia. Moyo ukipiga, mwili mzima hutikisika, kidogo mno, kama maji ya kwenye kikombe gari likipita nje. Moyo wa mtu mzima hutembea, wa mtoto hukimbia. Bamba likisikia miwili, lihesabu miwili. Na mwisho kabisa wa mchoro nikaandika sharti, nikalipigia mstari mara mbili: lango lisijifunge kamwe juu ya moyo ambao haujaamuliwa ni wa nani. Mbawa zake zingoje mpaka mtu aseme.

Nilitaka watoto wahesabiwe. Basi, sikutaka kingine.

Kampuni ikauchukua mchoro, ikanipa na kazi, nikalia kwa furaha jikoni kwa mama. Mwaka wa pili wakaongeza mstari mmoja kwenye kanuni: kila moyo na tiketi yake. Tiketi za moyo mdogo ziombwe siku nane kabla, kwenye ukurasa ambao wasafiri hawaonyeshwi. Mimi niliwapa sikio. Wao wakaligeuza mkono wa kumsukuma mtu kifuani.

3

Msimamizi wetu, Eliakimu, alikuja na kikombe chake cha chai.

"Kuna nini, Mama Nyemo? Foleni imelala."

"Huyu dada ana moyo wa pili."

"Akae pembeni na wenzake."

Pembeni, nyuma ya kamba nyekundu, walikuwepo wanawake kumi na mmoja tangu asubuhi. Saba na matumbo, wanne na watoto mgongoni. Kila mmoja na tiketi halali inawaka mkononi, hana pa kuipeleka.

Mama mkwe wa Salima akavuka mstari wa njano bila kuomba ruhusa.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Siwema. Na wewe kijana wa chai, nisikilize. Huyo anayeondoka mimi nimemtazama miaka thelathini na mmoja, hana jipya. Tiketi yangu apewe mjukuu. Inabonyezwa wapi?"

"Mama, hapana," Salima akasema.

"Mkamwana, sijakuuliza."

Nikamwonyesha. Fungua tiketi. Telezesha kidole juu. Hamisha. Akaishika simu mbali na macho, mkono umenyooka, akabonyeza kama anayejaribu chungu kama kimepoa. *Unamhamishia nani?* Moyo mdogo. Halafu kioo kikaandika: *Andika jina kamili la mpokeaji. Jina hili halitabadilishwa.*

Bibi Siwema akasoma mara mbili, midomo inatembea. Akaishusha simu.

"Jina la nani?"

"La mtoto, bibi. Tiketi ya mtu mzima ikienda kwa moyo mdogo lazima iandikwe jina jipya."

"Mtoto gani? Mimi hapa sioni mtoto. Naona tumbo."

Nilimwelewa. Kwetu aliye tumboni hatajwi jina. Hanunuliwi shuka, hashonewi kofia, anaitwa mgeni, na mgeni huulizwa jina akishafika. Mimi mwenyewe nilimbeba Nyemo miezi tisa sikumwita kitu. Na hata mtu asiyejali mambo hayo, afikirie: jina likishaandikwa pale limeingia kwenye orodha ya Kampuni, na mtoto anakuwa mteja wao kabla hajavuta pumzi.

"Nimezika wawili waliotajwa mapema," Bibi Siwema akasema. Sauti yake ya mzaha ilikuwa imeondoka. "Tiketi natoa. Mwanangu aondoke hajaniona, sawa, nitameza. Jina sitoi."

Salima akaanza kulia bila sauti, machozi yanashuka mpaka kwenye tumbo. "Hajawahi kumgusa," akaniambia. "Mughwai. Alipelekwa kambi ya mafunzo kabla tumbo halijaonekana. Miaka tisa, dada. Nilitaka aweke mkono tu."

Saa tatu na dakika kumi na tano.

"Sasa tabu yote hii ya nini?" Eliakimu akanisogelea, akapunguza sauti. Naamini alidhani anafanya wema. "Una kitufe cha Kelele. Bonyeza, apite."

Kitufe hicho kipo kwenye nguzo, kinasoma dole gumba la mkagua tiketi wa lango hilo kwa siku hiyo, hakuna mwingine. Kiliwekwa kwa ajili ya mashine. Jenereta ikiunguruma karibu, bamba hudhani ni moyo, basi unabonyeza Kelele, lango linalifuta pigo hilo kwenye hesabu na kulisahau.

"Lango la Kwanza wanabonyeza kila siku," Eliakimu akasema. "Tunasaidiana, Mama Nyemo. Dunia haiendi hivihivi."

Dole gumba langu lilikuwa tayari juu ya kitufe. Nasema wazi. Ilikuwa rahisi mno. Salima angepita, angekumbatiwa, na mimi ningerudi nyumbani nimefanya jambo jema. Na kama huko ndani kungetokea lolote, moto, msukumano, mlango mwingine kujifunga, hesabu ingepungua mmoja. Tena.

"Kelele ni nini?" Salima akauliza.

Nikashindwa kumdanganya. "Ni kuliambia lango kwamba lilichosikia si moyo. Litamsahau."

Akanitazama. Hakukasirika hata kidogo, alikuwa anajaribu tu kuelewa. "Lakini si umesema yuko vizuri?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Sijui niielezeje. Haikuwa ile hasira ya kutukana mtu barabarani. Ilianzia pale alipokaa Nyemo kabla hajazaliwa, ikapanda mpaka masikioni. Kwamba walichukua kilio cha dada yangu wakakifanya kizuizi. Kwamba mwanamke anashukuru kuambiwa mtoto wake yu hai, na dakika hiyohiyo naombwa, kwa huruma kabisa, kwa sauti ya chini, niseme hayupo. Nikaondoa dole gumba.

"Sibonyezi."

"Mama Nyemo..."

"Sibonyezi, Eliakimu! Huyu si jenereta!"

4

Wakagua tiketi wanaonyonyesha tuna tiketi ya moyo mdogo kwa kila siku ya kazi, la sivyo tusingeweza kukaa langoni na watoto. Ya Nyemo ilikuwa kwenye simu yangu. Na tiketi ya mtoto ikienda kwa mtoto mwenzake hailazimishi jina jipya. Simu inakuuliza tu: *Badilisha jina?* Ukisema hapana, inakwenda na jina lake la zamani.

Niliwaza nini? Niliwaza kwamba ikishaondoka, huyu wa mgongoni ndiye atakuwa hayupo. Nilimsikia anavyopumua shingoni kwangu, mate yake yanalowesha kola ya fulana. Nikawaza kazi. Nikawaza kodi ya chumba. Kisha nikamwona tena Salima na mikono yake miwili chini ya tumbo, kama mtu aliyebeba beseni la maji asilotaka limwagike.

"Bibi," nikasema, "jina la kuazima utalikubali?"

"La nani?"

Nikamgeuzia mgongo. "La huyu. Nyemo. Kwa Kigogo ni furaha."

Bibi Siwema akaushika mguu wa Nyemo, akaukanda kidole kimoja kimoja. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Lakini ya kuvukia mlango tu, itatosha. Akizaliwa tutakurudishia, na ndizi juu yake."

Nikafungua tiketi. Hamisha. Moyo mdogo. Namba ya Salima. *Badilisha jina?* Hapana. *Una uhakika? Nyemo hataweza kuingia leo.* Nikabonyeza Ndiyo kabla kidole hakijafikiri.

Simu ya Salima ikalia. *Umehamishiwa tiketi. Mpokeaji athibitishe kwa mapigo yake. Sekunde tisini.* Mtu mzima huweka dole gumba juu ya kioo, simu ikasikia damu.

"Dole gumba lake liko wapi sasa?" Salima akauliza, anacheka na kulia.

"Iweke tumboni. Chini kidogo. Kushoto. Pumua taratibu."

"Nyamazeni!" Bibi Siwema akaufokea uwanja mzima. Na watu wakanyamaza kweli. Wanawake wa kamba nyekundu walikuwa wamesogea, wametoa shingo. Eliakimu alikuwa ameshika kijiko katikati ya kikombe, hakorogi.

Sabini. Sitini. Kioo kikaonyesha mstari unaotikisika, ukakaza, ukapotea. Arobaini. Mtoto akapiga teke, simu ikaruka. *Haikusomeka. Jaribu tena.*

"Ukaidi wa baba yake," bibi akanong'ona.

Nikaisogeza simu kwa mkono wangu mwenyewe, nikaituliza juu ya ngozi ngumu ya tumbo lile. Nilimhisi kiganjani. Ishirini. Kumi na tano. Nikajikuta namwambia, kimoyomoyo, kama ninavyomwambia Nyemo akikataa uji: fungua, mwanangu, fungua kidogo tu.

Kumi na moja. Kioo kikawa kijani.

*Imepokelewa. Karibu, Nyemo.*

Lango likafungua mbawa zake zote mbili. "Mioyo miwili. Tiketi mbili. Karibuni."

Salima akapita anakimbia, kisha akakumbuka tumbo, akatembea. Bibi akamfuata na tiketi yake mwenyewe, mguu mmoja peku. Kiatu alikisahau kwenye kiti changu.

Nikakichukua, nikamkimbilia. "Bibi! Kiatu!"

5

Sikufika mbali. Nilikuwa nimekanyaga bamba, katikati kabisa ya mbawa mbili, lango liliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

"Mioyo miwili. Tiketi moja."

Mbawa zikaanza kujifunga. Zikafika shibiri moja kutoka mabegani mwangu. Zikasita, zinatetemeka.

"Rudi nyuma," Eliakimu akasema. "Mtoe mtoto nje. Umetoa tiketi yake, umejitakia."

Sikurudi.

"Basi bonyeza Kelele upite. Chagua moja, mama, saa tatu na ishirini na moja hii!"

"Kelele ni huyu?" Nikageuka ili amwone. Nyemo alikuwa ameamka, anamtazama kwa macho ya usingizi. "Mwite kelele. Umemfahamu tangu ana wiki sita, umempakata ulipokuwa zamu ya mchana. Mtazame usoni, umwambie hayupo. Ukiweza, nabonyeza."

Hakuweza. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Na mbawa zilikuwa bado zinatetemeka. Ndipo nikakumbuka. Sharti langu, lenye mistari miwili. Kampuni iliongeza kanuni juu, ikabadilisha rangi, ikabadilisha sauti, lakini kule chini kabisa ya mashine hakuna aliyegusa, maana hakuna aliyewahi kupasoma. Lango haliwezi kujifunga juu ya moyo ambao haujaamuliwa. Na wa kuamua alikuwa mmoja tu, mimi, na nilikuwa sitaki.

Nikasogea kando, mgongo wangu na Nyemo ukigusa ubawa wa kulia. Mbawa zikarudi nyuma kunipisha. Pakabaki nafasi ya mtu kupita, hata akiwa na tumbo.

"Nyie wa kamba nyekundu!" nikaita. "Njooni!"

Wakatazamana.

"Njooni, nawaambia! Simu mkononi. Tiketi zenu ni halali, zitafungua vizimba mkishavuka lango. Mmoja mmoja. Polepole. Hapa hatukimbii tena, mnanisikia? Hapa hakuna atakayemkanyaga mwenzake!"

Wa kwanza alikuwa binti mdogo mwenye mapacha tumboni. Lango likasema, "Mioyo mitatu," likanyamaza, kana kwamba lenyewe limeshangaa. Wa pili. Wa tatu na mtoto mgongoni, kofia ya sufu. Kila mmoja alinigusa bega akipita, au akamgusa Nyemo mguu. Walinzi wote walikuwa Lango la Kwanza kwenye wageni wakubwa. Redio kiunoni mwa Eliakimu ikaanza kubweka.

"Wanauliza nani kashikilia lango," akasema.

"Waambie Sechelela Mazoya, binti wa masomo ya jioni. Wachoraji wao watanijua."

"Wanasema wanazima umeme."

"Wakizima, mbawa zinabaki wazi. Niliandika na hilo."

"Watakufukuza, Mama Nyemo."

"Najua."

Akaweka kikombe chini. Sikutegemea alichofanya: akaenda kwenye kamba nyekundu akaifungua ile ndoana, kwa sababu mwanamke wa mwisho alikuwa na magongo na hakuweza kuinama.

Saa tatu na nusu king'ora kikalia. Milango mingine yote ilijifunga kwa mkupuo mmoja, nikaisikia kuanzia kushoto mpaka kulia. Wa kwangu ukabaki wazi. Juu ya nguzo, kioo kilikuwa kimeandika hesabu ya dakika zile tisa: *Mioyo ishirini na mitatu. Tiketi kumi na moja.* Hiyo ndiyo hesabu. Haijawahi kuwa sahihi hivyo tangu uwanja ujengwe, na wala sikumwomba mtu samahani.

Ndani, ubao mkubwa wa vizimba ulikuwa unapitisha namba. Sikuwa na haja na nyingine. Nilingoja mia mbili na kumi, mia mbili na kumi na moja, kisha ikaja:

*Kizimba 212. Wamefika: watatu.*

Nyemo akaanza kunilalamikia, saa yake ya kunyonya imepita. Magari mawili ya Kampuni yalikuwa yanakuja kutoka ofisini, vumbi jekundu nyuma yake. Nikakaa chini palepale kwenye bamba, katikati ya mbawa, kiatu cha Bibi Siwema kando yangu, nikamzungusha mwanangu mbele, nikampa ziwa.

"Mioyo miwili," lango likasema. "Tiketi moja."

"Ndiyo," nikaliambia. "Endelea kuhesabu. Usichoke."